Alama Isiyoelezeka Isimhukumu Mtu

Hotuba iliyotolewa kwa wawakilishi wa madarasa, wahadhiri wasaidizi na wazazi katika mkutano wa taaluma wa kufungua muhula. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wale waliokosa. Majedwali yaliyooneshwa ukutani yameachwa.

Ndugu Mwenyekiti, waratibu wa mitihani wa idara zote, wahadhiri wenzangu, wazazi mliosafiri kutoka mbali, na ninyi vijana wetu, ma-CR, yaani wawakilishi wa madarasa, ambao ndio hasa niliowafuata hapa: itifaki imezingatiwa. Habari za asubuhi.

Mmeniomba nizungumzie namna chuo kikuu kinavyompima mwanafunzi, kinavyompa daraja, na kinavyoamua apande mwaka au asipande. Nimekubali mara moja, kwa sababu jambo hili linaniuma. Nimekaa kwenye vikao vya bodi ya mitihani miaka mingi. Pale majina hayasomwi, zinasomwa namba. Namba hii imepita. Namba hii sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia. Namba hii disko, masomo yamekoma. Karatasi inafunuliwa, tunaendelea. Na kila namba pale ina mama yake. Kila namba ina ng'ombe aliyeuzwa, au mkopo wa Bodi ya Mikopo, au mjomba aliyeahirisha kuezeka nyumba yake ili ada itimie.

Hoja yangu leo ni moja, na nitairudia: alama ambayo chuo hakiwezi kumweleza mwanafunzi aliyeipata, isitumike kumhukumu. Sisemi tulegeze kamba. Sisemi watu wabebwe. Daktari asiyejua kazi yake ataua, na mhandisi aliyebebwa atatujengea daraja litakaloanguka. Nasema alama ielezeke. Anayefeli aambiwe amefeli nini, na anayepata A aambiwe amefanya nini hata akastahili A. Hilo ni kubwa mno kuliomba?

Tuanzie kwenye asili ya alama yenyewe. Nyoosheni mikono: nani anajua kwamba katika kozi nyingi maksi 40 zinatoka ndani ya muhula na 60 zinatoka kwenye mtihani wa mwisho, yaani UE? Naona mikono mingi. Vizuri. Sasa nani anajua alama yake inapita mikononi mwa nani kabla hajaiona kwenye mfumo? Mikono imeshuka.

Alama haizaliwi siku ile mwalimu anapoweka wino mwekundu. Mwalimu akishasahihisha, matokeo yanakwenda kwenye kikao cha idara. Mtahini wa nje, mtu wa chuo kingine, anaangalia maswali yalivyotungwa na kupitia sampuli ya vitabu vya majibu: aliyepata juu kabisa, wa katikati, aliyefeli. Kutoka hapo yanapanda kwenye bodi ya kitivo au ndaki, na mwisho kabisa Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni. Hadi Seneti iyapitishe, mnachokiona kwenye simu zenu ni matokeo ya muda.

Huyu mtahini wa nje ana historia. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, kilikuwa na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la chama cha TANU pale Mtaa wa Lumumba, na kilikuwa chini ya mwavuli wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1970 kila kimoja kikashika njia yake. Utaratibu wa tangu enzi zile wa kumwita mtu wa nje aje kuangalia mitihani yenu ulibaki, na mimi nauheshimu sana. Maana yake ni kwamba chuo kinakiri mbele ya umma: hatujiamini wenyewe kiasi cha kutotaka jicho la mwingine.

Lakini hata baada ya macho yote hayo, alama inaweza kuwa sahihi kwa kanuni na bado ikahitaji kuelezwa. Nitawapa mfano ambao nimewahi kuwawekea wanafunzi ubaoni, wakanyamaza.

Mizani ya shahada ya kwanza katika vyuo vyetu vingi mnaijua. Kuanzia 70 ni A, pointi 5. Kuanzia 60 hadi 69 ni B+, pointi 4. Kuanzia 50 ni B, pointi 3. Kuanzia 40 ni C, pointi 2, na hapo ndipo kufaulu kunapoanzia. Chini yake 35 hadi 39 ni D, na zinazobaki ni E. Tiba wana mizani yao, na shahada za uzamili ni habari nyingine. GPA ni wastani wa pointi zako: pointi za kila kozi zinazidishwa kwa krediti zake, yaani uzito wa kozi, zinajumlishwa, kisha zinagawanywa kwa jumla ya krediti. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, kuanzia 3.5 ni daraja la pili la juu, kuanzia 2.7 ni daraja la pili la chini, na kuanzia 2.0 ni kufaulu kwa kawaida.

Sasa chukueni mabinti wawili. Kila mmoja ana kozi tano, krediti sawasawa. Wa kwanza amepata 69 katika kila kozi. Wa pili amepata 70, 70, 60, 60, 60. Nani bora? Wastani wa wa kwanza ni 69. Wastani wa wa pili ni 64. Lakini wa kwanza ana B+ tano, GPA yake ni 4.0, daraja la pili la juu. Wa pili ana A mbili na B+ tatu, GPA yake ni 4.4. Daraja la kwanza.

Mtu amezidiwa maksi tano za wastani na ndiye anayepanda jukwaani kwa daraja la kwanza. Kanuni imevunjwa? Hapana. Kila hesabu ni sahihi. Hivyo ndivyo mfumo wa madaraja unavyofanya kazi: unafunga maksi kumi ndani ya chumba kimoja na kuwaita wote waliomo kwa jina moja. Una faida yake, kwa sababu hakuna mwalimu duniani anayeweza kuapa kwamba insha hii ni 66 na ile ni 67. Lakini basi yule binti wa 69 aambiwe hilo tangu mwaka wa kwanza, siyo alikute siku ya mahafali.

Na kuna vyuo ambavyo GPA huandikwa kwa desimali moja, zinazofuata zinakatwa. Hazikadiriwi kwenda juu, zinakatwa. Ukiwa na 3.49, cheti kinasoma 3.4. Matangazo mengi ya kazi ya uhadhiri msaidizi yanaanzia GPA ya 3.8, na kijana mwenye 3.79 hata bahasha hafungi. Ndiyo maana mhadhiri anayesahihisha kitabu cha 69 asikiache hivyo hivyo na kwenda kunywa chai. Kisome tena. Kama ni 69, iwe 69, lakini uweze kumtazama mtoto huyo usoni na kumwonyesha ile maksi moja ilipotelea wapi.

Wenzetu wa jirani nao wana mizani yao. Nchini Kenya A huanzia 70 kama hapa, lakini mara nyingi maksi za ndani ya muhula ni 30 na mtihani wa mwisho ni 70. Makerere 70 haifiki A, na mtu wa 45 anayepita kwetu kule anarudia kozi, kwa sababu kufaulu kunaanzia 50. Nayasema haya kwa wazazi hasa, wale wenye mtoto mmoja Kampala na mwingine Dodoma, wanaokaa sebuleni kulinganisha karatasi mbili. Msifanye hivyo. Mtamuumiza mmoja bure.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonileta hapa: zile maksi 40 za ndani ya muhula. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1967, katika sera ya Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamikia mitihani. Alisema kwa maneno yake kwamba mitihani inapima uwezo wa mtu kushika mambo na kuyatoa anapotakiwa, ndani ya muda fulani, na kwamba haifanikiwi kila mara kupima uwezo wa kufikiri, na tabia au moyo wa kutumikia haivipimi kabisa. Miaka saba baadaye, Novemba 1974, TANU ilikaa Musoma, na katika Azimio lile likatoka agizo kwamba mwanafunzi asihukumiwe na mtihani mmoja wa mwisho, apimwe kadiri anavyosonga. Azimio hilohilo ndilo lililowataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Hilo la kazi liliachwa baadaye. La kupimwa kadiri unavyosonga limebaki, na ndilo linaloonekana leo kwenye testi zenu, semina zenu na asainimenti zenu.

Nawauliza basi, ndugu zangu: kusudi la kumpima mtu katikati ya safari ni nini? Ni kumwambia njia ameikosea wapi wakati bado anaweza kurudi. Samaki mkunje angali mbichi. Kama hukusudii kumwambia, kwa nini unampima katikati? Mpime mwisho tu, umalize.

Kuna binti mmoja, mwaka wa pili, alikuja ofisini kwangu na kitabu chake cha testi baada ya matokeo ya UE kutoka. Kozi ilihusu ushirika wa wakulima. Swali la testi lilimtaka alinganishe vyama vya ushirika vya kabla ya 1976, mwaka ambao serikali ilivivunja, na vile vilivyorudi baada ya sheria ya 1982. Ameandika kurasa nne, mwandiko mzuri. Kurasa mbili na nusu ni za ushirika wa zamani: pamba, kahawa, uongozi, madeni. Moja na nusu ni za ushirika mpya. Hakuna mahali popote alipoviweka viwili bega kwa bega. Chini ya ukurasa wa mwisho kulikuwa na duara la wino mwekundu, ndani yake 9. Chini ya mstari, 20. Basi. Kurasa nne, hakuna neno.

Nikamwambia, binti yangu, funga kitabu. Niambie kwa mdomo wako, ushirika wa kwanza na wa pili ulitofautiana nini. Akasimama palepale mlangoni, akanitajia tofauti nne. Nani aliumiliki. Nani aliwateua viongozi. Nani alishika fedha ya mazao. Mwanachama alikuwa na sauti gani. Hata chai yangu haikuwahi kupoa. Maarifa alikuwa nayo yote! Alichokosa ni kujua swali linamtaka afanye nini na maarifa yale. Na wala simshangai. Amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akahamishiwa Kiingereza kidato cha kwanza, na tangu hapo amezoea kumwaga kila anachokijua akitumaini mwalimu atachagua mwenyewe.

Kwenye UE alifanya vivyo hivyo katika maswali matatu. Ndani ya muhula alikuwa na 18 kati ya 40. UE akapata 19 kati ya 60. Jumla 37. D. Sapu.

Mstari mmoja wa wino mwekundu, wiki ya sita, ungemwokoa: "Umeeleza vyote viwili, hujavilinganisha." Mstari mmoja. Na hata duara lile hakuliona wiki ya sita. Vitabu vya testi vilirudi baada ya UE. Ni sawa na mgonjwa anayepelekewa majibu ya vipimo makaburini.

Najua wahadhiri wenzangu mnachotaka kusema, na mna haki ya kukisema. Madarasa ni makubwa. Nimefanya hesabu. Darasa la wanafunzi 600, testi mbili, ni vitabu 1,200. Kila kitabu ukikipa dakika kumi, ambazo ni chache kwa insha, ni dakika 12,000. Ni saa 200. Ni siku 25 za kazi, saa nane kila siku, bila kufundisha, bila kula, bila kusimamia tafiti. Kwa kozi moja. Na mhadhiri huyo ana kozi tatu. Nani ataweza? Hakuna. Kwa hiyo simlaumu mwalimu aliyechoka akaweka duara peke yake. Ninachokataa ni sisi kuendelea kujifanya kwamba tunapima kadiri mtu anavyosonga, wakati tunachofanya ni kukusanya maksi 40 kwa awamu.

Tufanye nini? Kwa maoni yangu, tupunguze idadi ya testi na tuongeze maneno. Heri testi moja iliyorudi wiki ya saba ikiwa na maelezo kuliko testi mbili na kwizi nne ambazo hakuna anayejua alikosea wapi. Mwalimu akishindwa kumwandikia kila mmoja, asome vitabu 50 vya kwanza kwa makini, aorodheshe makosa matano yanayojirudia, aandike ukurasa mmoja, auweke ubaoni na kwenye kundi la darasa. Wahadhiri wasaidizi wachukue saa moja ya semina waupitie na wanafunzi, kosa kwa kosa, na jibu zuri la mwanafunzi mmoja lisomwe kwa sauti. Nimeliona hili likifanyika katika idara moja. Ukurasa mmoja tu! Kwenye UE watu waliacha kumwaga na wakaanza kujibu.

Na ninyi wanafunzi, msikae mkipiga makofi kana kwamba haya ni ya walimu peke yao. Krediti moja kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ni saa 10 za kujifunza. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Ukiwa na mihadhara ya saa tatu kwa wiki, wiki kumi na tano, hizo ni 45. Zile 75 zilizobaki ziko wapi? Ziko kwenye maktaba, semina na kazi zako mwenyewe. Haziko kwenye madesa, zile notisi za kurithishana, ya mwaka juzi yaliyotolewa kopi hadi herufi zimefifia. Ukidai mwalimu akueleze alama yako, na wewe uwe na saa 75 za kumweleza.

Nije kwenye kupanda mwaka. Hapa maneno yenu ni makali: kula sapu, kukeri, kudisko. Na mambo yenyewe ni makali.

Utaratibu kwa kifupi uko hivi, ingawa kila chuo kina kanuni zake za kina. Ukikosa 40 katika kozi chache na GPA yako haijaporomoka, unafanya mtihani wa marudio, ndiyo sapu. Ukishindwa tena, kanuni zinaweza kukuruhusu uibebe kozi hiyo uende nayo mwaka unaofuata, ndiyo kukeri. GPA ikishuka chini ya kiwango, au kozi ulizofeli zikizidi idadi, masomo yanakoma, ndiyo kudisko. Sapu nayo ina dari: katika vyuo vyetu vingi, hata ukipata 78 kwenye sapu, unaandikiwa C. Sababu yake ni ya haki, kwamba aliyefaulu mara ya kwanza asizidiwe na aliyepewa nafasi ya pili. Lakini kila mwaka nakutana na mwanafunzi anayelia mbele ya kompyuta kwa sababu amejua vizuri, ameandika vizuri, akaona C. Hakuna aliyemwambia kabla.

Nisikilizeni kuhusu kijana mmoja wa Sumbawanga. Mwaka wa kwanza, mtoto wa kwanza wa ukoo wao kufika chuo kikuu. Wiki mbili kabla ya UE alilazwa, akafanyiwa upasuaji wa tumbo. Akatoka hospitali na kidonda kibichi, akaingia chumba cha mtihani ameshika ubavu. Mitihani yote. Kwa nini aliingia? Kwa sababu alidhani asipoingia amefeli. Hakujua kwamba mgonjwa anaweza kuomba kuahirisha mtihani, akaambatisha cheti cha daktari, akapewa mtihani maalumu baadaye, akapimwa upya kwa maksi kamili bila dari ya sapu. Hakujua. Alifeli kozi nyingi, GPA ikashuka chini ya mstari, akatolewa. Mkopo ukakatika siku hiyohiyo. Alipofika kwetu na karatasi za hospitali ilikuwa mwezi wa pili baada ya matokeo, na dirisha la rufaa lilikuwa limefungwa.

Kila kifungu cha kanuni kilifuatwa. Hakuna aliyemwonea. Na bado nawauliza, mbele ya wazazi hawa: ile GPA ilipima nini? Ilipima uwezo wake wa kusoma, au ilipima kidonda? Alama ile ingeelezwaje kwake, kwa haki, na mtu yeyote hapa?

Kanuni za mitihani ziko kwenye kitabu cha mwongozo ambacho kila mwaka wa kwanza anapewa au anaelekezwa kukipakua. Nani amekisoma? Siulizi ili nimtie mtu aibu. Nauliza kwa sababu kitabu kile ni kirefu, kimeandikwa kwa lugha ya wanasheria, na mtoto aliyefika jana kutoka kijijini ana mambo mengine: chumba, godoro, fomu za mkopo. Kwa hiyo kanuni tano zinazoweza kumtoa mtu chuoni ziandikwe kwa Kiswahili chepesi kwenye ukurasa mmoja. Ukiumwa, ufanye nini na ndani ya siku ngapi. Ukifiwa. Ukikosa ada. Ukiona alama siyo yako, ukate rufaa wapi, kwa ada gani. Ukifeli, ni wapi mstari wa disko. Zisomwe kwa sauti kila darasa, wiki ya pili na wiki ya kumi.

Kuna na alama zinazopotea. Wenzetu wa Kenya wamelipigia kelele jambo hili miaka mingi: mwanafunzi amefanya mtihani, amesaini, kitabu kimekusanywa, na kwenye mfumo hakuna kitu. Huku kwetu linatokea pia, na linatokea zaidi kwa wanaomaliza. Mtu anakaa nje ya orodha ya mahafali kwa kozi moja ya mwaka wa pili. Anaambiwa amtafute mwalimu. Mwalimu yuko masomoni ng'ambo. Anaambiwa alete ushahidi. Ushahidi gani? Karatasi ya mahudhurio ya chumba cha mtihani tunayo sisi! Msimamo wangu ni huu: saini yake ikiwepo, mzigo wa kuitafuta alama ni wa chuo, na tarehe ya mwisho iwe ya chuo. Asitumwe kuzunguka kwenye korido kutafuta kitu ambacho tumekipoteza sisi.

Jambo jingine nitalisema kwa maneno machache kwa sababu halihitaji mengi. Alama haiuzwi, na mwili wa mtoto wa mtu si ada ya mtihani. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinasema kutumia mamlaka kudai ngono ni kosa la jinai. Mabinti, lishikeni hilo, na vijana pia. Kinga bora ninayoijua ni kitabu cha majibu chenye namba badala ya jina, msahihishaji wa pili kwenye kila kitabu kinachofeli na kila kinachopata A, na mtahini wa nje anayepewa muda wa kutosha. Mwalimu ambaye hajui kitabu ni cha nani hana cha kuuza. Na wanafunzi mnaoingia na vikaratasi, au mnaoiachia akili unde iwaandikie insha nzima kisha mkaweka jina lenu: mnawaibia wenzenu walioketi dawati la pili. Siku ya usaili mtaulizwa mlichoandika, na hamtakuwa na la kujibu.

Sasa maombi yangu, maana sikuja kulalamika tu.

Waratibu wa mitihani, naomba tukubaliane leo kwamba hakuna UE itakayoanza katika kozi ambayo wanafunzi hawajaona maksi zao za ndani ya muhula angalau wiki mbili kabla. Kozi isiyokidhi, itajwe kwenye kikao cha idara kwa jina lake, na sababu iandikwe kwenye muhtasari. Wahadhiri wasaidizi, ninyi ndio mko karibu na vijana hawa. Ule ukurasa mmoja wa makosa matano, uanzeni bila kungoja agizo. Mkuu wa idara atakayewakataza, nileteeni mimi. Wazazi, mtoto akipiga simu kusema anaumwa karibu na mitihani, swali la kwanza liwe afya yake, na la pili liwe kama ameandika barua ya kuahirisha. Msimwambie ajikaze. Wengi wamejikaza hadi wakatolewa.

Na ma-CR. Muda wenu ni mfupi. Kila mmoja aandike orodha ya kozi za darasa lake za muhula uliopita ambazo vitabu vya testi havijarudi hadi leo, na majina ya wenzenu wenye alama pungufu ambao saini zao za mtihani zipo. Orodha moja kwa darasa, isainiwe na wawakilishi wawili, iletwe kwa katibu wa taaluma wa serikali ya wanafunzi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Yeye na mimi tutaiwasilisha kwenye bodi ya kitivo, na nimeshamwomba Mwenyekiti aiweke kuwa ajenda ya kwanza, kabla ya matokeo hayajasomwa. Amekubali. Ambaye ana kozi ya kuanza nayo sasa hivi, asimame atuambie.